Namba ya Wimbo



Katika kigango kimoja tulichokihudumia zamani alikuwapo binti wa miaka kumi, mwanafunzi wa Komunyo ya kwanza. Sala zote alizikariri bila kukosea, na maswali ya katekisimu aliyajibu kabla hatujamaliza kuuliza. Lakini siku tuliyompa kitabu asome mbele ya wenzake, “dada” akalisoma “baba”, neno la pili akalikisia, na wenzake wakacheka. Nasi, Mungu atusamehe, tulimwamuru aketi, tukisema hakujitayarisha.

Hatukujua. Hata hivyo jambo lenyewe si geni kwa waganga. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, ambaye hakuweza kusoma ijapokuwa alifundishwa miaka mingi. Jina lake Percy aliliandika Precy. Mwalimu wake alishuhudia kwamba lau masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angewapita wote shuleni. Siku hizi hali hiyo huitwa disleksia. Si uvivu, si upumbavu, wala si laana ya ukoo. Macho huona vema, ila akili hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Nacho Kiswahili chetu, kwa kuwa huandikwa kama kitamkwavyo, chaweza kutudanganya: mtoto wa namna hii huenda akasoma bila kosa, lakini polepole mno, silabi kwa silabi, hata afikapo mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake.

Mama yake alituzidi hekima. Hakungoja ripoti ya shule ndipo amsifu. Binti aliporudi sokoni na chenji kamili, alipongezwa. Alipomsimulia bibi yake mahubiri yote ya Dominika, alipongezwa tena. Na kila jioni, kwa muda mfupi, waliandika herufi mchangani kwa kidole huku wakizitamka kwa sauti. Akipata herufi mbili, mama alizisifu hizo mbili, hakuzidisha. Maana mtoto huitambua sifa ya uongo upesi kuliko sisi watu wazima.

Enyi makatekista wapendwa, mtoto kama huyo mpeni somo lake siku kadhaa kabla, na mumpime kwa mdomo. Komunyo haidai mbio za kusoma.

Binti yetu alikuwa akisumbuliwa pia na kibao cha nyimbo: 121 aliisoma 112, akaimba kwa kufuata midomo ya jirani. Dominika moja tulimwona akitazama kibao, akifunua kurasa taratibu, akirudi nyuma, akitazama tena. Kisha akaweka kidole juu ya ukurasa, akainua uso kabla kinanda hakijaanza. Mama yake akachungulia kitabu, na kigelegele kikamtoka palepale. Waumini waligeuka, wengine wakidhani kuna harusi. Nasi tuliokuwa tumekwisha fika altareni tulisimama kimya, tukangoja amalize.