Zebaki, Fidia na Jinai

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimetakiwa niseme juu ya jambo linalojadiliwa katika mabaraza ya mataifa: kwamba mwenye kuharibu ardhi na maji uharibifu mkubwa ahukumiwe kama mhalifu, wala asiachiliwe kwa kutoa fedha tu. Mwezi wa Septemba 2024 visiwa vya Vanuatu, Fiji na Samoa viliomba jinai hiyo itiwe katika sheria ya Mahakama ya Jinai ya Kimataifa. Ni sheria ile ambayo mataifa yalikutana Kampala mwaka 2010 kuitazama upya, nayo yataja uharibifu wa namna hiyo katika vita tu.

Sidhani kama habari za Tiira zitafika mahakama hiyo. Hata hivyo zatuhusu. Dhahabu ya hapa imechimbwa tangu miaka ya 1930, na kazi yake mwaijua kuliko mimi: mawe husagwa, unga ukaoshwa, zebaki ikachanganywa kwa mikono mitupu, ikakamuliwa kwa kitambaa, kisha donge likachomwa juu ya makaa. Dhahabu hubaki. Zebaki huwa mvuke, ukaingia katika pumzi ya mama achomaye na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Ile iliyobaki katika mchanga hufuata maji, na humo hugeuka sumu kali zaidi ikaaayo katika samaki. Hudhuru figo na mishipa ya fahamu, tena humfikia mtoto angali tumboni.

Kule Minamata, nchi ya Japani, maradhi ya zebaki yalitambuliwa rasmi mwaka 1956. Wakuu wawili wa kiwanda kilichomwaga sumu hiyo baharini hawakutiwa hatiani ila mwaka 1979. Miaka 23! Wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa? Uganda nayo iliridhia mkataba wa zebaki wenye jina la mji huo mwaka 2019.

Karibu nasi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi yaliyotoka katika betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo. Ni haki yao. Lakini tajiri aweza kuiandika fidia katika daftari pamoja na gharama za mafuta na magunia. Mafakihi wetu walitenga dhamana, yaani kulipa kilichoharibiwa, na taazir, yaani adhabu aitoayo kadhi kwa kosa lenyewe. Kulipa hakumwondolei mtu adhabu.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa abiria wa chini chomboni waliotaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji. Wakiachwa, huangamia wote. Wakizuiwa, huokoka wote.

Sasa azuiwe nani? Mkono wa sheria ni mwepesi kumshika mama mwenye karai, kwa kuwa yuko kando ya maji na hana pa kukimbilia. Mimi nasema adhabu ianze kwa aletaye chupa ya zebaki, akaikopesha, kisha akanunua dhahabu kwa bei aitakayo. Na baadhi yao, tusifichane, husimama safu moja nasi, na sadaka zao tumezipokea. Mimi mwenyewe nimezipokea bila kuuliza.

Kwa hiyo naiomba kamati iwaite wanunuzi walio katika jamaa yetu, baada ya sala ya Ijumaa ijayo, tukae nao humu msikitini. Kila mmoja atwambie zebaki yake aipata kwa nani.