Sikio la Wanjau, Ulimi wa Ojwang'

Mhadhara wa umma uliotolewa Kagio



Hapa Kagio, Kirinyaga, neno chenga lina maana mbili, na mhadhara wangu umezaliwa katikati yake. Kwa mwenye duka la mchele, chenga ni punje zilizovunjika mashineni, zinazotengwa na pishori nzima na kuuzwa kwa bei ya chini. Kwa sisi tuliolelewa wakati televisheni moja ilihudumia boma zima na majirani wake, chenga ni zile nukta nyeupe zilizojaa kiooni upepo ulipopindua antena. Mtoto mmoja alitumwa nje kuzungusha mlingoti. Mwingine alisimama mlangoni kupokezana maneno: bado, bado, rudisha kidogo, hapo hapo! Betri ya gari ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli mchana ikapelekwa mjini kuchajiwa, kwa hiyo kila dakika ya picha ilikuwa na gharama yake. Kisha kutoka ndani ya chenga akajitokeza mzee mwenye ndevu nyeupe. Alifungua kinywa, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, nyumba ilikuwa imeangua kicheko.

Tulimwita Mzee Ojwang'. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni Mjaluo. Ulimi wake ulitosha kuwa kitambulisho. Alipofariki Julai 2015 na magazeti kuandika jina lake halisi, Benson Wanjau, kuna watu wazima waliosoma mara mbili. Mzee Ojwang' Hatari alikuwa Mkikuyu.

Nimekuja na dai moja tu. Lafudhi haimo damuni, imo sikioni. Wanjau alituthibitishia jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30, nasi tukacheka bila kulitambua.

Idhaa moja, taifa moja

Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji, KBC, likaitwa Sauti ya Kenya, au VoK kama wengi walivyozoea kusema. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989. Idhaa ya kwanza ya kibinafsi, KTN, ilifika mwaka 1990. Kwa hiyo, kwa zaidi ya robo karne, aliyewasha televisheni Kagio na aliyewasha Kisumu walitazama kitu kilekile. Hawakuwa na pengine pa kuhamia.

Humo ndimo vilimokulia vipindi vya vichekesho vya Vioja Mahakamani na Vitimbi. Katika Vitimbi, Ojwang' alikuwa mzee anayejiona mjanja kuliko alivyo, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, alikuwa mke asiyedanganyika kwa urahisi. Walizoeana mno katika uigizaji hata watazamaji wengi waliamini ni mume na mke hata nje ya kamera.

Kumbukeni pia kilichokuwa kikitendeka shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la mtihani. Asubuhi tulikaririshwa ngeli, na anayekosea alijua kitakachomfika. Jioni tulimkuta Ojwang' akivunja kanuni zote mbele ya taifa zima, na hakuna aliyemchapa. Mwalimu alitufundisha Kiswahili tulichotakiwa kukisema. Ojwang' alituonyesha Kiswahili tulichokuwa tukikisema kweli: cha stendi ya matatu, cha sokoni, cha ofisi ya chifu.

Ulimi wa kuazima

Tuichunguze kazi yenyewe, maana watu hudhani kuigiza lafudhi ni kupindisha mdomo tu.

Kijaluo hakina sauti ya sh wala z. Mjaluo wa kizazi cha Ojwang' akisema Kiswahili, shamba huelekea kuwa samba. Mkikuyu ana mtego wake: lugha yake haitenganishi l na r. Kalamu huwa karamu, na mwaliko wa kwenda kula huweza kusikika kama mwaliko wa kwenda kupiga kura. Sasa mtazameni Wanjau. Ilimbidi aufunge mtego wa lugha ya mama yake usimnase, kisha aingie kwa hiari katika mtego wa watu wengine, na abaki humo kipindi kizima bila kuteleza. Zaidi ya hayo alihitaji mwendo wa sentensi, mahali pa kuvuta pumzi, neno la kukokota na neno la kurusha. Mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha sarufi. Hupatikana kwa kukaa na watu, kunyamaza, na kusikiliza.

Wala hakuwa peke yake. Masanduku arap Simiti, aliyetuchekesha kwa Kiswahili cha Wakalenjin, aliigizwa na Sammy Muya, naye Mkikuyu. Baadaye, katika Papa Shirandula, kipindi cha marehemu Charles Bukeko kilichoanza Citizen mwaka 2007, tukampata Otoyo, mwenye Kiswahili cha Kijaluo. Aliyemwigiza ni Kazungu Matano, mtu wa Pwani. Huu ni utamaduni kamili wa uigizaji wetu: mtu huvua ulimi wake na kuvaa wa jirani.

Nyinyi wa Kirinyaga mnalijua jambo hili kuliko wengi. Mndia na Mgichugu wakizungumza Kikuyu chao mbele ya mtu wa Kiambu, huulizwa wanatoka wapi. Na katika soko la hapa Kagio, muuzaji husikia mnunuzi akitaja bei kwa sauti ya Kikamba au ya Kiembu, naye akabadili sauti yake papo hapo ili biashara iende. Hajioni mwigizaji, lakini sikio analotumia ni lile lile la Wanjau.

Je, si dharau?

Najua kuna swali linalowawasha wengine hapa. Kuiga lafudhi ya kabila jingine si kulidharau?

Huweza kuwa. Tumewasikia wachekeshaji ambao hawana kichekesho kingine: wakiondoa lafudhi, hakibaki kitu jukwaani. Huyo ameokota makosa ya matamshi na kuyauza. Kwa Ojwang' ilikuwa tofauti. Kilichotuchekesha ni hila yake iliyomrudia mwenyewe, majivuno yake, na haraka yake ya kutengeneza uongo mpya kabla wa kwanza haujapoa. Mzee wa aina hiyo tunaye Kagio, yupo Siaya, yupo Lamu. Lafudhi ilimpa mahali pa kutoka, na tabia ikamfanya awe babu wa kila mtu. Ndiyo maana Wajaluo wenyewe walimchukua kama wao.

Lakini nisiipambe hadithi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia za kikabila zilipozuka, katika vizuizi vya barabarani namna mtu alivyotamka neno iliweza kumponya au kumwua. Nchi iliyokuwa imecheka pamoja na Ojwang' kwa miaka mingi ilianza kusikiliza lafudhi kama polisi anavyosoma kitambulisho. Nami hujiuliza: kama Wanjau angesimamishwa njiani na kuambiwa aseme, angesema kwa ulimi upi? Na yule mwenye panga angejua nini?

Kicheko chake hakikutuokoa. Aliyekosea si msanii, ni sisi. Tulilipokea tunda la sikio lake, lakini hatukuiga usikivu wenyewe.

Deni

Uzeeni macho ya Mzee yalimsumbua, na mwaka 2012 Wakenya walichangisha fedha ili atibiwe. Walitoa kwa moyo. Hata hivyo, harambee ni dawa ya dharura, haiwezi kuwa pensheni. Mtu aliyeingia sebuleni mwetu kwa miaka 30 hakupaswa kutegemea huruma yetu ili aone.

Si Kenya peke yake. Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alizoeleka Tanzania nzima kwa ucheshi wa sauti yake mwenyewe, bila kuazima ya mtu. Naye alipougua, mikataba yake ya kazi iligeuka kuwa suala la hadharani hadi serikali ikaingilia. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika kazi aliyoiigiza. Kijana wa hapa anayerekodi vichekesho kwa simu na kuvipandisha mtandaoni aanze na sheria hiyo kabla ya kununua taa na maikrofoni.

Benson Wanjau alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa Lang'ata.

Nirudi kwa yule mtoto wa antena, nimalize. Kazi yake ilikuwa kusimama nje gizani, mikono imeshika chuma baridi, akigeuza mlingoti taratibu hadi waliomo ndani wapaze sauti kwamba chenga zimekwisha. Wakishaona vizuri, macho yote hubaki kiooni. Wanjau alisimama hivyo kwa miaka 30. Tulimwona Ojwang' vizuri kabisa, tukasahau kumwita aliyeshika mlingoti aingie ndani.