Sakafu Nayo Inapumua

Msikilizaji, umewahi kuwasha jiko la mkaa. Ukifungua ule mlango mdogo wa chini, moto unashika. Hewa ya moto inapanda juu, na inapopanda inavuta hewa nyingine kutoka chini. Sasa chukua nyumba nzima uifanye jiko. Nje ni baridi ya theluji, madirisha yamefungwa, ndani kumewashwa joto. Hewa ya moto inatorokea darini, na kule chini sakafu ya saruji, kwa nyufa zake na matundu ya mabomba, inavuta hewa kutoka ardhini. Ikiwa ni hewa ya udongo mtupu, hakuna neno. Ikiwa chini ya nyumba kumelala kemikali, wenye nyumba wanaivuta usingizini.

Hayo yalitokea Endicott, mji mdogo wa jimbo la New York, huko Marekani, mahali ambapo kampuni ya IBM ilianzia. Kiwandani walitengeneza bodi za saketi za kompyuta, na kazi hiyo ilihitaji viyeyushi vya kuondoa mafuta kwenye vyuma. Mwaka 1979 zilimwagika galoni 4,100 za kiyeyushi kimoja, yaani zaidi ya lita 15,000. Walipochimba kuchunguza, wakakuta na vingine, kikiwemo trikloroethilini, ambacho wataalamu hukiita TCE kwa kifupi. Viyeyushi hivi ni vizito kuliko maji. Vinazama, vinatambaa na maji ya chini ya ardhi, vinapita chini ya mitaa ya watu bila hodi.

Visima vya kuvuta maji hayo machafu vikachimbwa. Kwa miaka zaidi ya 20, mazungumzo yakawa ya maji: yamefika wapi, yamesafishwa kiasi gani, kuna anayeyanywa? Maji yanashughulikiwa, basi watu wakatulia. Kumbe kiyeyushi kina tabia ya petroli. Ukikiacha wazi kinaruka kuwa mvuke. Kilikuwa kinatoka kwenye maji, kinapanda kwenye vinyweleo vya udongo, kinaingia majumbani kwa chini. Ni mwaka 2002 ndipo jimbo lilipotaka hewa ichunguzwe, na vipimo vilipotoka, majengo zaidi ya 400 yakalazimika kufungwa mitambo ya kuutoa mvuke huo.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Hatari haipimwi pale ambapo ni rahisi kupima. Inapimwa pale ambapo inamfikia mtu. Endicott walikazania kupima maji, wakachelewa kupima hewa ambayo watu waliivuta majumbani mwao.

Na pua usiitegemee. Pua ya binadamu hainusi TCE mpaka iwe maelfu ya mara zaidi ya kiwango kinachotakiwa nyumbani. Mpimaji huleta mtungi wa chuma ulionyonywa hewa yote, anaulegeza kidogo, nao unavuta hewa ya chumba polepole kwa saa 24. Wa pili unavuta hewa ya chini ya sakafu, kupitia tundu dogo lililotobolewa. Wa tatu unawekwa nje. Kwa nini mitatu? Kwa sababu nyumba ina siri zake. Gundi ya fundi viatu, dawa ya kutoa madoa, koti lililotoka kwa dobi wa kemikali, vyote vinaweza kutoa mvuke wa jamii hiyo hiyo. Ukipima sebule peke yake, unaweza kuishtaki ardhi kwa kosa la kabati. Ndiyo maana kabla ya kupima hukaguliwa kwanza stoo na chini ya sinki.

Majibu yakija, kazi bado. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Mazingira la Marekani mwaka 2015 unachukulia, kwa tahadhari, kwamba sehemu 3 kati ya 100 za mvuke ulio chini ya sakafu zinaweza kuingia ndani. Ni makadirio. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutoa majibu yaliyo mbali kama Lamu na Lodwar, na nyumba moja ikabadilika kati ya Januari na Julai. Hata kikomo chenyewe kinahama. Jimbo la New York lilikuwa na kiwango cha TCE cha mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2015 likakishusha hadi 2. Aliyeambiwa nyumba yake iko salama kwa 4, akaamka haiko salama, na hewa ni ile ile.

Kuna atakayesema hizi ni hofu za matajiri. Sivyo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka TCE katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Uchunguzi wa afya Endicott ulikuta saratani ya figo na ya korodani zimezidi kiwango cha kawaida, na watoto waliozaliwa na kasoro za moyo pia. Wachunguzi wenyewe walikiri kwamba takwimu hizo hazithibitishi kuwa mvuke ndio uliosababisha. Nawaheshimu kwa ukweli huo. Ila mama mwenye mimba changa hawezi kuambiwa asubiri ushahidi ukamilike.

Na sisi huku Kenya? Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, huko Thange, kaunti ya Makueni, yakaharibu maji. Hapa panahitaji kutofautisha. Mvuke wa petroli, udongo wenye oksijeni unao bakteria wanaoula ukiwa njiani kupanda, hivyo mita chache za udongo safi mara nyingi zinatosha kuwa kinga. TCE hailiki kwa urahisi huo. Lakini nyumba iliyosimama juu ya mafuta yenyewe, au kando ya tangi lililooza, haina hizo mita chache. Na nyumba zetu za madirisha wazi zinatusaidia, mpaka siku tunapoziba chumba kwa ajili ya kiyoyozi.

Dawa yake si ya ajabu. Unatoboa sakafu, unapitisha bomba hadi juu ya paa, unafunga feni inayovuta saa zote, na nyufa unaziziba. Mvuke unatoka nje kabla ya kuingia ndani. Bomba hilo hufungwa kijibomba cha plastiki chenye maji ya rangi, umbo la U. Maji yakiwa sawa pande zote mbili, jua feni imekufa. Kwa hiyo mvuke ukiwa mwingi chini ya sakafu lakini ndani bado ni kidogo, msimamo wangu ni kufunga feni leo. Ufa wa kesho hautapiga simu.

Neno la mwisho ni kwako wewe mwenye ndugu anayepanga chumba cha chini ya ardhi kule New York. Tangu mwaka 2008, sheria ya jimbo hilo inamtaka mwenye nyumba amjulishe mpangaji endapo vipimo vya hewa vimevuka kiwango. Mwambie aulize kwa maandishi. Na wewe unayenunua kiwanja hapa, usiishie kuuliza hati na barabara. Waulize wazee wa mtaa: kabla ya nyumba, hapa palikuwa na nini?