Heri na Faida: Kusoma Biashara na Sheria kwa Pamoja

Hotuba kwa vijana na wazazi katika maadhimisho ya hekalu letu



Nimeombwa kuzungumza na vijana waliomaliza kidato cha sita juu ya elimu ya juu. Nilisita kukubali, kwa kuwa mimi mwenyewe niliishia sekondari. Chuo changu kilikuwa duka la marehemu baba yangu, kati ya mabati, nondo na mifuko ya saruji. Lakini mwaka huu mjukuu wangu alinijia na ombi. Anataka kusoma biashara na sheria katika shahada moja ya miaka mitano. Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Leo naomba nieleze kwa nini nimelibadili.

Kila Diwali, katika Chopda Pujan, tunaleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Laxmi na Saraswati, na katika ukurasa wa kwanza tunaandika maneno mawili: Shubh na Labh, yaani heri na faida. Nimeyaandika tangu utotoni. Hata hivyo, kwa miaka mingi kurasa zilizofuata katika daftari langu zilihesabu faida peke yake.

Wahenga wa Kiswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Rafiki yangu mmoja, mjenzi, alichukua kwangu nondo na saruji kwa mali kauli, thamani yake shilingi milioni 18. Niliandika tarehe, vitu na bei. Yeye hakutia sahihi, nami sikumwomba, kwa sababu tulikuwa tukila sahani moja. Kila mwaka mhasibu aliliweka deni lile miongoni mwa mali ya duka, nami kila mwaka nilifurahi kuliona pale. Katika mwaka wa saba nilikwenda kwa wakili. Aliniuliza swali moja tu: deni hili lilipaswa kulipwa lini? Nilipomjibu, alifunga jalada.

Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, dai litokanalo na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka sita. Ingetosha rafiki yangu kukiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla ya muda huo kwisha, na hesabu ya miaka ingeanza upya. Mhasibu alijumlisha vyema, na wakili aliieleza sheria ilivyo. Lakini hapakuwa na mtu aliyelitazama deni lile kwa macho yote mawili wakati bado lilikuwa hai. Fedha zilipotea, na kwa hasira nilitamka maneno makali, nikampoteza na rafiki. Hilo la pili ndilo linaloniuma hadi leo.

Vijana wangu, mfano bora wa elimu hizi mbili kukutana unatoka kwetu Kathiawad. Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, alipata uwakili London mwaka 1891. Mwaka 1893 alikwenda Afrika Kusini kuisaidia kampuni ya Dada Abdulla katika kesi dhidi ya mfanyabiashara aliyekuwa jamaa yake. Kesi ilijaa mahesabu, naye hakujua utunzaji wa vitabu vya hesabu. Akanunua kitabu, akajifunza. Alipoielewa hesabu, aliona pia kwamba gharama za kesi zingewamaliza wote wawili. Akawashawishi wakubali usuluhishi. Mteja wake aliposhinda, Gandhi alimwomba apokee malipo kwa awamu, ili aliyeshindwa asifilisike. Sheria ilimpa mteja wake haki. Ujuzi wa biashara ulionyesha njia ya kuipata haki hiyo bila kuiangamiza nyumba ya jamaa.

Sasa niseme na wazazi juu ya mambo ya vitendo, maana nimeyachunguza kama ninavyochunguza shehena kabla ya kuilipia.

Kwanza, jueni mtoto anakwenda kusoma nini. India, shahada zilizounganishwa kama BBA LL.B. na B.Com. LL.B. huchukua miaka mitano, na mojawapo ya vyuo vinavyozitoa ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Sheria cha Gujarat, Gandhinagar. Australia, wengi husoma shahada mbili sambamba na kutoka na vyeti viwili.

Pili, si kila kinachofundishwa ugenini kitatumika nyumbani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilijengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kwa hiyo hapo mtoto hatakuwa mgeni. Lakini ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 itampasa aisome upya.

Tatu, shahada si leseni. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Anayetaka uwakili hupitia mafunzo ya sheria kwa vitendo hapa nchini. Na anayetaka uhasibu hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Miaka mitano inaweza kuwa saba. Pangeni ada kwa hesabu hiyo.

Nne, asilazimishwe. Masomo haya ni mazito mara mbili, na mtoto anayeyasoma kwa ajili ya jina la ukoo atachoka mapema. Wala tusidhani kwamba ni ya wavulana peke yao kwa kuwa duka litakuwa lao. Aliyeniomba mimi ni binti.

Nilipomkatalia, mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, lile deni la milioni 18, lingekuwa mikononi mwangu, ungelipoteza?" Sikuwa na jibu. Nimemkubalia, kwa sharti moja: kila likizo atapitia daftari langu la wadaiwa, mstari kwa mstari, na kuniambia lipi lina sahihi na lipi halina. Na atakapokuta jina la rafiki, tutamwendea pamoja, kwa upole, kabla muda haujapita.

Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu elimu, na vitabu vyetu heri pamoja na faida.