Kodi ya Chumba Ambacho Mpangaji Hakuhamia

Mtu amelipa kodi ya miezi 6 kwa chumba cha Ngaramtoni, kisha akapata uhamisho wa kazi kabla hajahamia. Mwenye nyumba asema fedha hazirudi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimruhusu kuzishika zote kwa kuwa tu ziko mkononi mwake. Avunjaye makubaliano hulipa fidia ya hasara aliyoisababisha. Chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja, hasara ni ya mwezi huo. Kikipangishwa kesho yake, mwenye nyumba atakuwa amelipwa mara mbili. (Ujira wa dalali ni shauri jingine.) Basi andikeni katika mkataba, mbele ya shahidi, kiasi cha haki kitakachobaki mpangaji akighairi. Mkishindwa kuelewana, fikeni Baraza la Kata mkasuluhishwe.