Kuketi na Aliyefikwa



Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, ardhi ya Kutch, walikotoka babu zetu, ilitetemeka. Watu wapatao 20,000 walipoteza maisha. Nilipofika Bhuj nilimkuta shangazi yangu akilala uani, ingawa nyumba yake haikuanguka. Matetemeko madogo yaliendelea, wala hakuna mtaalamu aliyeweza kutabiri saa ya lijalo. Nilimpa fedha, akazipokea, kisha akaniomba nikeshe naye hadi alfajiri. Hapo mimi mfanyabiashara nilitambua kwamba msaada hauishii kwenye hundi. Jirani akifikwa na msiba, wa dini yoyote, tupeleke mchango, kisha tuketi naye.