Kitu cha Wote Kina Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya maisha ya mjini. Najua wengine wenu mnajiuliza, "Sisi tuko hapa na mashamba yetu, mambo ya mjini yatatusaidia nini?" Ngojeni kidogo. Mjini watu wasiojuana hutumia vitu pamoja: barabara moja, basi moja, bomba moja, choo kimoja. Na sisi katika vikundi tuna wilbaro, tuna tangi la maji, tuna viti vya kukodisha. Kwa hivyo shida yao ni shida yetu.

Wacha nianze na baiskeli. Huko Uholanzi, katika mji wa Amsterdam, mwaka wa 1965, vijana fulani walichoshwa na wingi wa magari. Walichukua baiskeli, wakazipaka rangi nyeupe, wakaziacha barabarani bila kufuli. Mtu yeyote apande, afike anakokwenda, aiache hapo mwingine aichukue. Wazo zuri, sivyo? Lakini polisi walizichukua, kwa maana sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli. Baraza la mji nalo likakataa kugharamia mpango huo. Ukafa.

Miaka 30 baadaye, mwaka wa 1995, mji wa Copenhagen kule Denmark ulijaribu kwa njia nyingine. Baiskeli ilifungwa kituoni. Ukitaka kupanda, unatia sarafu ya kroni 20, inafunguka. Ukiirudisha kituoni, sarafu yako inatoka. Ukikuta baiskeli imetupwa na mwingine, ukairudisha wewe, sarafu ni yako! Mpango huo uliendelea mpaka mwaka wa 2012. Hata hivyo nyingi ziliibwa, kwa sababu sarafu haisemi jina la mtu aliyeitia.

Mwaka wa 2007 mji wa Paris, Ufaransa, ukaanza mpango mkubwa zaidi. Hapo lazima ujiandikishe na uweke dhamana. Mashine inajua ni nani aliyechukua na saa ngapi. Nusu saa ya kwanza ulikuwa huongezewi malipo, ukikawia, unalipa. Lakini hata hapo maelfu ya baiskeli ziliibwa ama kuvunjwa katika miaka ya kwanza. Basi tunaona mambo mawili. Bila utaratibu, kitu cha wote hakidumu. Na utaratibu peke yake, bila adabu ya watu, hautoshi.

Sasa nitawaambia jambo la kunitia haya. Kikundi chetu kilikuwa na baiskeli moja, tuliyoinunua kwa mchango wa miezi mingi. Kila mtu aliitumia, na hakuna aliyeitunza. Siku moja niliipeleka sokoni. Wakati wa kurudi gurudumu la nyuma likapata pancha. Niliisukuma mpaka nyumbani kwa mwenyekiti, nikaiegemeza ukutani, nikaenda zangu. Nilijiambia, "Atakayeitaka kesho ataiziba."

Usiku ule mama mmoja wa kikundi alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mume wake alikimbilia baiskeli, akaikuta imekaa chini. Tulimbeba kwa kitanda, sisi wanaume sita, na mimi nikiwa mmoja wao. Hatukufika zahanati. Mtoto alizaliwa kando ya barabara gizani. Namshukuru Mungu, yeye na mama yake ni wazima mpaka leo. Lakini kila nikimwona mtoto yule nakumbuka pancha ile. Kuiziba kungenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Ndugu zangu, adabu ya mjini ni hiyo hiyo. Unapotupa ganda la ndizi kupitia dirisha la matatu, unasema, "Mwingine ataokota." Unaporuka foleni pale stendi, unasema, "Mwingine atangoja." Unapopiga kelele kwa simu ndani ya basi, unasema, "Mwingine atavumilia." Huyo mwingine ni nani? Pengine ni mama mjamzito, ama mzee aliyesimama tangu asubuhi.

Na msiniambie kwamba watu hawabadiliki. Mwaka wa 2004 sheria mpya za matatu zilipoanza hapa Kenya, chini ya Waziri John Michuki, abiria wale wale waliozoea kubanana walikaa kila mtu kwenye kiti chake, wakafunga mikanda. Tuliweza! Tulipoacha kudai, msongamano ukarudi. Kwa hivyo kazi ya kudai ni yetu pia.

Nawaachia mambo manne ya kufanya na kila kitu cha kikundi:

1. Kiwe na daftari. Anayechukua aandike jina, siku na saa.
2. Kiwe na mtunzaji mmoja anayejulikana, na abadilishwe kila baada ya muda.
3. Anayetumia achangie kidogo, na pesa hizo ziwe za matengenezo tu.
4. Kikiharibika mkononi mwako, sema siku hiyo hiyo. Kuharibu si aibu. Kuficha ndiko aibu.

Kikundi chetu kilifuata haya, na baiskeli ya pili ilitumika miaka mingi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza: kibaba kikitoboka, aliye karibu azibe.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
- Ni kitu gani cha kikundi chetu kimeharibika na hakuna anayekitengeneza? Kwa nini?
- Nani alikitumia mwisho? Je, anaweza kusema bila kuogopa?
- Tunapokwenda mjini, ni tabia gani tunayolaumu kwa wengine na sisi wenyewe tunayo?